Jicho la Mlaji na Neno la Mpishi: Kula Samaki Alexandria na Marseille

Mgeni akishuka katika mji wowote wa bandari kwenye Bahari ya Mediterania, swali huwa lile lile: samaki wa leo analiwa wapi? Wenyeji humjibu kwa majina ya mikahawa. Lakini majina hayakawii kuchuja: mpishi huhama, mwenye mkahawa hufariki, warithi hupunguza kipimo. Kinachodumu ni utaratibu ambao mji wenyewe umejiwekea wa kumthibitishia mlaji kwamba kilicho mezani kimetoka baharini asubuhi. Katika hilo, Alexandria ya Misri na Marseille ya Ufaransa, miji miwili yenye asili ya Kigiriki, imeshika njia mbali mbali. Alexandria ushahidi ni jicho la mlaji. Marseille ushahidi ni neno la mpishi, tena lililoandikwa na kutiwa saini.

Alexandria tuanzie Anfushi, karibu na ngome ya Qaitbay iliyojengwa miaka ya 1470 mahali uliposimama mnara wa taa wa kale. Hapo pana soko la mnada wa samaki, pana mafundi wanaounda vyombo vya mbao ufuoni, na nyuma yao iko mitaa ya Bahary, ukiwemo wa Safar Pasha unaojulikana kwa moshi wa samaki wa kubanika. Mkahawa hapa haukukaribishi kwa orodha ya vyakula. Unakutana kwanza na meza ya barafu, samaki wamelazwa wazima, vichwa upande mmoja. Mteja mzoefu haoni haya kushika. Anafunua matamvua kwa kidole. Yakiwa mekundu anaendelea, yakiwa ya kahawia anamrudisha samaki alipokuwa. Anabonyeza ubavu, na shimo la kidole likibaki, anahamia mlango wa pili.

Aliyechaguliwa hupandishwa kwenye mizani, bei ikatajwa kwa kilo, ndipo linapokuja swali la mapishi. Mkizi hupakwa pumba za ngano akabanikwa mpaka ngozi iwe nyeusi kama masizi, ilhali nyama ndani imebaki na maji yake. Au hupasuliwa mgongoni, akatandazwa nyanya, vitunguu na pilipili hoho, akaingia tanuri. Mtindo huo huitwa singari. Pembeni huja sayadiya, wali wa kahawia uliopata rangi yake kwa vitunguu vilivyokaangwa hadi ukingoni mwa kuungua, pamoja na tahina ya ufuta na mkate wa moto.

Msomaji wa Tanga au Lamu akiinama juu ya barafu ile ataona sura anayoijua: jamii ya tasi. Hawa si wenyeji wa Mediterania. Mfereji wa Suez ulipofunguliwa mwaka 1869, samaki wengi wa Bahari ya Shamu walipata njia ya kwenda kaskazini, na tasi ni miongoni mwa waliofika, wakazaana na kuingia sokoni. Mpishi wa Alexandria hakuhitaji kubadili chochote ili kuwapokea. Utaratibu unaoanza na kilicho kwenye barafu huweza kumpokea mgeni yeyote, maadamu ni mbichi.

Marseille haipokei kwa wepesi huo. Kila asubuhi wavuvi huuza kwenye gati ya Vieux-Port, hatua chache kutoka kwenye lile paa la chuma king'avu lililobuniwa na Norman Foster na kukamilika mwaka 2013. Samaki wengine bado wanatapatapa kwenye masinia. Huko, hata hivyo, hununua wenye majiko yao. Anayekwenda mkahawani kula bouillabaisse, mchuzi uliojenga jina la mji, lazima amwamini mwingine.

Mchuzi huo ulianza kama chungu cha wavuvi. Waliuza samaki wazuri, wakabaki na wale wa miambani, wenye miiba na vichwa vikubwa, ambao hakuna aliyewataka. Watalii walipoupenda, bei ikapanda, na baadhi ya mikahawa ikaanza kupika chochote na kukiita kwa jina hilo. Ndipo mwaka 1980 kundi la wenye mikahawa wakatia saini mkataba: samaki wasipungue aina nne kutoka kwenye orodha iliyokubaliwa, wakiwemo rascasse wa miiba na mkunga, mchuzi na samaki viandaliwe mbali mbali, na samaki wakatwe mbele ya mlaji.

Sharti hilo la mwisho ndilo zito. Katika mkahawa kama Chez Fonfon, uliopo tangu 1952 katika kijibandari cha Vallon des Auffes, mhudumu huleta sinia la samaki wazima walioiva, huwaonyesha, kisha huwatoa miiba mmoja mmoja. Mchuzi wa zafarani na shamari huliwa na mkate mkavu uliosuguliwa kitunguu saumu. Kumbe hata mji wa maandishi umelazimika kulirudia jicho, ila jicho linaitwa wakati samaki ameshapikwa, na kukataa kumechelewa.

Kila njia ina upungufu wake. Jicho la Alexandria linajua ubichi, halijui asili. Misri inaongoza Afrika kwa ufugaji wa samaki, na samaki waitwao denis na qarous wanaong'aa kwenye barafu wengi wao ni wa kufugwa. Matamvua yao ni mekundu kweli, lakini hayasemi kama walikulia bwawani. Mkataba wa Marseille nao unawafunga waliosaini tu, na umeulinda mchuzi wa maskini kwa kuufanya usifikiwe na maskini: leo sahani ya mtu mmoja huzidi euro 60. Nikipewa kuchagua, nitachagua Alexandria, kwa sababu kosa la jicho ni langu na nitajifunza. Kosa la mpishi nitalilipia bila kulijua.

Lakini kuna kipimo kimoja kinachoikata miji yote miwili, nacho ni hali ya hewa. Marseille ina mistral, upepo mkavu wa kaskazini unaoweza kuzuia mashua zisitoke kwa siku kadhaa. Alexandria ina nawwat, dhoruba za baridi ambazo watu wa pwani wamezipa majina na tarehe, kuanzia Maknasa ya Novemba hadi Awwa ya mwisho wa Machi. Mvuvi haendi kinyume nazo. Kwa hiyo anayetaka kujua pa kula asubiri siku ya pili au ya tatu ya upepo, kisha apite mlango kwa mlango. Mkahawa wenye kila aina ya samaki siku hiyo unakula akiba ya friza au bwawa. Mkahawa unaomwambia mteja, bila kuona haya, kwamba leo hakuna, huo ndio wa kurudi bahari ikitulia.