Kanisa Hupimwa kwa Nini?



Kila mwaka parishi zetu hujaza karatasi za hesabu: wangapi wamebatizwa, wangapi wamepata kipaimara, sadaka imefika kiasi gani. Parishi iliyoongezeka hupongezwa. Iliyopungua huulizwa ina ugonjwa gani. Leo natutazame historia ya Kanisa katika nchi yetu, tuone kama kipimo hicho kinatosha.

Mwaka 1847 Johannes Rebmann, Mjerumani aliyetumwa na CMS, alisafiri mpaka Kasigau, katika nchi ya Wataita. Mwaka uliofuata alipita tena akielekea Uchagani, akaiona theluji ya Kilimanjaro. Lakini kituo chake kilikuwa Rabai, karibu na Mombasa. Alikuja mwaka 1846 na kuondoka mwaka 1875. Katika miaka hiyo 29 hakurudi kwao Ulaya hata mara moja, na alipoondoka macho yake yalikuwa karibu kupofuka kabisa. Watu waliobatizwa katika muda huo wote walikuwa wachache mno. Wa kwanza, Mringe, alikuwa kiwete, naye alibatizwa akiwa karibu kufa. Hakupata hata nafasi ya kuongeza hesabu ya Jumapili.

Ndugu msikilizaji, kama Rebmann angeijaza karatasi yetu, tungemwitaje?

Sasa tazama yaliyofuata. Mwaka uleule wa 1875 CMS ilianzisha Freretown, ng'ambo ya kisiwa cha Mombasa, iwe makazi ya watu waliookolewa katika majahazi ya watumwa. Meli za Kiingereza zilileta mamia ya watu, na hesabu ikapanda kwa ghafula. Kuwafungua waliofungwa ni kazi njema, wala siidharau. Lakini mtu akisoma tarakimu peke yake atadhani kwamba wahubiri waliokuja baadaye walimzidi Rebmann kwa imani, kumbe watu waliletwa na meli.

Na Neno lililopandwa Rabai halikulala. Lilifika kwa Wagiriama wa Godoma, likachukuliwa na Waafrika wenyewe. Kutoka katika kikundi hicho kidogo kukatokea Fuladoyo, makazi ya Wakristo yaliyokuwa kimbilio la watumwa waliotoroka. David Koi, kiongozi wao, aliuawa mwaka 1883. Hawakuwa kanisa kubwa, lakini mtoro aliyewindwa alijua mlango wa kubisha.

Mwaka huohuo wa 1883 J. A. Wray alipanda Sagala kuanza kazi kati ya Wataita. Haukupita muda mrefu, mvua ikakosa, na njaa kubwa ya 1884 na 1885 ikawatawanya watu, wengine mpaka pwani. Mhubiri angehesabu nini, hali vijiji vinahama? Wray alijifunza lugha, na mwaka 1894 kitabu chake cha kuifundisha kikachapishwa. Mwanzoni mwa karne ya 20 kazi ilifika Mbale, na hapa Wusi, ambako V. V. Verbi, mzaliwa wa Bulgaria, alitumika kwa muda mrefu. Mwaka 1993 nchi hii ikawa dayosisi yenyewe, Dayosisi ya Taita Taveta, yenye makao yake Voi.

Nasema haya kwa sababu jambo hili linatugusa sisi. Huku milimani mashamba ni madogo, na vijana wakimaliza shule hushuka kutafuta kazi Voi, Mombasa na Nairobi. Viti vya huku vinabaki wazi, na vya mjini vinajaa. Kanisa la mjini linasifiwa kwa kukua na la mlimani linahurumiwa, hali kijana ni mmoja. Mama aliyemfundisha kuomba kwa Kidawida hakuandikwa katika hesabu ya Mombasa. Basi tukimwondoa mwinjilisti katika kanisa dogo kwa sababu watu ni wachache, tunafunga kitalu huku tukiusifu msitu.

Tena wingi unaweza kutudanganya. Kule Gahini, Rwanda, katika miaka ya 1930, kuliwaka uamsho ulioenea Uganda, Kenya na Tanganyika. Wengi wetu tulijifunza salamu yetu ya "Bwana asifiwe" kwa wana wa uamsho huo. Lakini ilipofika mwaka 1994, watu karibu 9 katika kila 10 nchini Rwanda walijiita Wakristo, na bado mamia ya maelfu waliuawa kwa muda wa siku mia moja hivi, wengine ndani ya makanisa walimokimbilia. Waliofanya hayo wengi walikuwa wamebatizwa. Vitabu vya ubatizo vilikuwa vimejaa majina. Aibu hiyo iligusa madhehebu mengi, na letu limo. Tusiisimulie kama habari ya watu wengine.

Je, tuache kuhesabu? La. Katika Matendo ya Mitume mlango wa pili, Luka anataja watu elfu tatu. Lakini haishii hapo. Anaendelea kueleza walivyoishi: walidumu katika mafundisho, walimega mkate pamoja, waligawana mali na wenye shida. Na yule mchungaji wa Luka 15 alihesabu kondoo wake. Kama asingehesabu, angejuaje kwamba mmoja amepotea? Hakuridhika na tisini na tisa, ila aliondoka kumtafuta yule aliyepungua.

Kwa hiyo, wazee wa kanisa, mtakapoketi na karatasi zenu mwaka huu, ongezeni maswali machache. Ni nani aliyekuwa nasi mwaka jana na sasa hayupo, naye anaitwa nani? Ni ndugu gani waliogombania shamba na sasa wamepatana? Mjane aliyeonewa alikuja kwetu, au alipita mlangoni? Majibu hayo hayana nafasi katika karatasi. Yaandikeni nyuma.

Tuombe. Ee Bwana, wewe uwajuaye walio wako, tupe mioyo ya kuwatafuta waliopotea kuliko kujisifia waliopo. Walinde wachache wanaokutumikia mahali pasipoonekana. Kwa Yesu Kristo Bwana wetu. Amina.