Trekta Lisilo na Pampu ya Mafuta

Trekta la zamani likianza kumwaga petroli chini ya kabureta, lawama huiangukia floti na sindano yake. Lawama hiyo ina ukweli nusu tu, kwa maana kufurika huko kulianzia kiwandani, waundaji walipoamua kuacha pampu ya mafuta. Tazama Ford 9N lililotoka Dearborn, Marekani, mwaka 1939, au Ferguson TE20 lililoundwa Coventry, Uingereza, kati ya 1946 na 1956. Yote mawili yana tangi juu ya injini, na petroli hushuka kwa uzito wake yenyewe. Kinachoizuia ni ncha ya sindano inayosukumwa na floti ndani ya bakuli la kabureta. Gari lenye pampu likizimwa, msukumo unakwisha. Trekta likizimwa koki ya tangi ikiwa wazi, petroli inaendelea kuisukuma ile sindano usiku kucha, na chembe moja ya kutu yatosha kuifanya isizibe.

Mtu atauliza: je, huo si uzembe tu? Pampu ilikwishajulikana, Ford yenyewe iliitia kwenye gari lake la V8 mwaka 1932. Lakini tangi la gari hukaa nyuma na chini, kwa hiyo pampu haiepukiki, ilhali trekta lina nafasi juu ya injini. Pampu nayo ina kiwambo kinachochanika, na shamba likiwa mbali na duka la vipuri, kiwambo kilichochanika katikati ya msimu wa kulima ni hasara kubwa kuliko matone ya petroli. Tena waundaji hawakujifanya kwamba uchafu hautakuja: chini ya tangi waliweka koki, chujio na kikombe cha kunasa taka. Kabureta nayo wakaiweka chini, ikivuta hewa kuelekea juu, hivyo mafuta yaliyozidi hudondoka nje badala ya kumiminika kwenye silinda, ambako yangeosha oili ukutani. Hatari ya moto ipo, na hapo sioni utetezi mzuri zaidi ya koki yenyewe.

Basi anayetafuta hitilafu aufuate mkondo wa mafuta tangu juu: tangi lenye kutu, kikombe, chujio, kisha sindano na kiti chake. Floti ije mwisho. Ya shaba huchovywa kwenye maji ya moto; mapovu yakitoka, imetoboka. Zile kongwe za gome jepesi la mti, zilizopakwa shelaki, zina adui aliyekuja baadaye: shelaki huyeyuka kwenye alkoholi, na petroli ya leo katika nchi nyingi imechanganywa na ethanoli. Floti ya namna hiyo hunywa mafuta, ikawa nzito, ikazama, na kununua sindano mpya hakuibadilishi.