Kamba mwekundu wa maji baridi

Kamba mwekundu wa maji baridi (jina la kisayansi: *Procambarus clarkii*) ni gegereka mwenye gamba gumu na magando mawili makubwa. Asili yake ni kusini mwa Marekani na kaskazini-mashariki mwa Meksiko. Afrika bara haina kamba wa asili wa kundi hili, ingawa kisiwa cha Madagaska kina wa kwake.

Kuletwa Afrika Mashariki

Aliletwa Uganda na Kenya katika miaka ya 1960. Mwaka 1970 alipandikizwa katika Ziwa Naivasha nchini Kenya ili kuendeleza uvuvi. Miaka michache baadaye alikuwa akivuliwa kwa biashara na kusafirishwa hadi Ulaya.

Athari

Kamba huyu hula mimea, konokono, wadudu wa maji na mizoga. Jike hubeba mayai mamia chini ya mkia, kwa hiyo idadi huongezeka upesi. Katika Ziwa Naivasha mimea inayoota chini ya maji pamoja na mayungiyungi ilipungua sana. Kamba walipopungua, mimea ilirudi; walipoongezeka, ilitoweka tena. Hasara hiyo si ya mimea peke yake, kwa kuwa ndimo samaki wachanga hujificha na ndege wa maji hupata chakula. Kamba huchimba pia mashimo kwenye kingo.

Kwa upande mwingine, hula konokono wanaoeneza kichocho. Utafiti uliofanyika Kenya na kuchapishwa mwaka 1999 ulionyesha kwamba anaweza kupunguza maambukizi ya ugonjwa huo. Hata hivyo, kumpeleka kwenye maji mapya kwa sababu hiyo kunaweza kuleta madhara kama ya Naivasha.

Kuenea na kinga

Kamba huyu anapatikana pia katika Ziwa Bunyonyi, Uganda, ambako ni kitoweo maarufu kwa watalii, na nchini Rwanda. Huweza kutembea nchi kavu kutoka bwawa moja hadi jingine, lakini safari zake ndefu hutokana na binadamu. Mto Kagera hukusanya maji ya Rwanda na Burundi, hupita Rusumo wilayani Ngara, kisha huingia Ziwa Viktoria. Kwa hiyo kinachoachiwa kwenye vijito vya juu huweza kufika mbali. Akishaenea katika ziwa kubwa ni vigumu mno kumwondoa. Kinga iliyo bora ni kutomsafirisha akiwa hai wala kumwachia katika maji asiyokuwamo.