Bao Moja la Cardiff

Kila mwaka, kidato cha kwanza kikifika kwenye uwiano, naandika ubaoni mistari miwili ya msimamo wa ligi kuu ya England, msimu wa 1923/24. Huddersfield Town: pointi 57, mabao ya kufunga 60, ya kufungwa 33. Cardiff City: pointi 57, mabao ya kufunga 61, ya kufungwa 34. Kisha nauliza bingwa ni nani. Darasa zima hukimbilia kutoa, na wote hupata 27 kwa 27. Anatokea mmoja anayesema basi ni Cardiff, maana wamefunga zaidi. Kwa kanuni za leo yuko sahihi kabisa.

Lakini siku hizo timu zikilingana pointi hawakutoa, waligawanya: mabao ya kufunga kwa mabao ya kufungwa. Huddersfield wakapata 1.818, Cardiff 1.794, na kombe likaenda Huddersfield.

Siku ya mwisho ya msimu inaumiza zaidi. Cardiff walikuwa wanaongoza kwa pointi moja, wakiwa ugenini Birmingham. Huddersfield, chini ya kocha Herbert Chapman, walikuwa nyumbani dhidi ya Nottingham Forest. Cardiff wakapata penalti, Len Davies akaipiga na akakosa. Mechi ikaisha suluhu. Huddersfield wakashinda 3-0. Nawaambia wanafunzi wapige hesabu wenyewe: Huddersfield wangeshinda 2-0, uwiano wao ungekuwa 59 kwa 33, yaani 1.788, na Cardiff wangekuwa mabingwa. Wangeshinda 3-1, vilevile. Cardiff wanatoka Wales, na mpaka leo hakuna klabu ya nje ya England iliyowahi kutwaa ubingwa huo.

Kwa nini nalishikilia jambo la miaka mia moja iliyopita? Kwa sababu ile alama ya kugawanya ilikuwa imebeba hukumu juu ya soka lenyewe. Chukua Huddersfield wale wale. Waongezee bao moja la kufunga, 61 kwa 33, wanapanda kwa 0.030. Badala yake wapunguzie bao moja la kufungwa, 60 kwa 32, wanapanda kwa 0.057. Beki anayeokoa mpira kwenye mstari wa goli alikuwa na thamani karibu maradufu ya mshambuliaji anayefunga. Timu yoyote inayofunga zaidi ya inavyofungwa, yaani zile zinazogombea ubingwa, ilikuwa na faida kubwa zaidi ya kufunga mlango kuliko kwenda mbele. Sidhani kama waliochagua hesabu hiyo karne ya 19 walikusudia hivyo. Mfumo huo ulitumika miongo mingi, na mwaka 1965 Manchester United waliwapiku Leeds kwa njia hiyo hiyo, pointi 61 kwa 61.

Msimu wa 1976/77 England wakaacha kugawanya, wakaanza kutoa. Timu zikilingana hata hapo, iliyofunga mengi inakuwa juu. Sasa mizani ikalalia upande wa washambuliaji, na miaka 13 baadaye ikaamua ubingwa.

Tarehe 26 Mei 1989 Arsenal walikwenda Anfield wakihitaji kuifunga Liverpool kwa tofauti ya mabao mawili. Michael Thomas akafunga la pili katika dakika za nyongeza. Pointi 76 kwa 76, tofauti 37 kwa 37. Arsenal walikuwa wamefunga 73 na kufungwa 36. Liverpool 65 kwa 28. Arsenal mabingwa. Ukigawanya kama zamani, Liverpool wana 2.32 na Arsenal 2.03, na bao la Thomas, pamoja na kelele zote zile, lisingebadili lolote. Cardiff walinyimwa na kanuni ambayo ingewapa Liverpool kombe.

Njia zote mbili, hata hivyo, zina kasoro moja: haziulizi umemfunga nani. Mabao matano dhidi ya timu inayoshuka daraja yanahesabiwa sawa na matano dhidi ya bingwa. Hilo ndilo mtakwimu M. J. Maher alilolishughulikia katika makala yake ya mwaka 1982. Alizipa timu namba mbili tofauti, moja ya ushambuliaji na nyingine ya ulinzi, zote zikikokotolewa kwa pamoja kutoka matokeo ya ligi nzima, kwa hiyo ugumu wa wapinzani unaingia ndani ya hesabu. Ukitaka kukadiria mabao ya timu A dhidi ya B, unazidisha nguvu ya ushambuliaji ya A kwa udhaifu wa ulinzi wa B, halafu unazingatia nani yuko nyumbani. Mwaka 1997 watakwimu Mark Dixon na Stuart Coles wakarekebisha makadirio ya matokeo madogo kama 0-0 na 1-1, na wakazipa mechi za karibuni uzito zaidi ya zile za zamani.

Ningependa kurasa za michezo za magazeti yetu zichapishe namba hizo mbili kando ya msimamo. Hazitabadili bingwa, wala hazipaswi. Lakini shabiki anayelalamika kwamba timu yake haina washambuliaji angeona kama tatizo ni washambuliaji kweli, au ni ratiba iliyowakutanisha na mabeki wagumu wiki nne mfululizo.