Mshiriki msumbufu katika tiba ya kikundi

Mshiriki msumbufu ni mgonjwa ambaye mwenendo wake huvuruga kikao cha tiba ya kikundi: huhodhi mazungumzo, hukejeli wenzake au hupinga kila ushauri. Kumtuliza bila kumfedhehesha ni sehemu ya kazi ya muuguzi wa afya ya akili anayeongoza kikao.

Miongoni mwa waasisi wa tiba hii ni daktari Joseph Pratt, aliyewakusanya wagonjwa wa kifua kikuu mjini Boston, Marekani, mwaka 1905. Irvin Yalom, daktari wa magonjwa ya akili, katika kitabu chake cha 1970 kuhusu tiba ya kikundi, alieleza kuwa anayehodhi mazungumzo mara nyingi husukumwa na wasiwasi.

Kinga huanza kikao cha kwanza, kikundi kinapokubaliana kusikilizana, kutunza siri na kutotishana. Vurugu ikitokea, muuguzi hutaja kitendo, si tabia ya mtu: “Asante, baba. Umetueleza mengi, sasa tumsikie dada aliye karibu na dirisha.” Mhusika asipobadilika, muuguzi huzungumza naye faraghani.

Chanzo nacho huchunguzwa. Anayesimama na kuzungukazunguka huenda hana ukaidi. Baadhi ya dawa za saikosisi humfanya mtu ashindwe kutulia kitini. Mwingine huwa anajibu sauti anazozisikia peke yake.

Panapokuwa na tishio, usalama hutangulia: muuguzi huita msaada, hushusha sauti, haizibi njia ya mlango na humtoa mhusika. Kisha hurudi kuwasikiliza waliobaki na kuandika tukio kwenye faili.