Bunge la Kigobe na Makanisa Yake, 2005–2025

Tarehe 19 Agosti 2005 wabunge na maseneta wa Burundi walikaa kikao kimoja kumchagua rais. Kura zilikuwa 162, na 151 zilimwendea Pierre Nkurunziza, mgombea pekee, mwalimu wa michezo aliyeingia msituni mwaka 1995 na kutoka humo akiwa mlokole asiyeficha wokovu wake. Baba yake, Eustache Ngabisha, alikuwa Mkatoliki na mbunge aliyechaguliwa mwaka 1965. Aliuawa katika mauaji makubwa ya 1972 dhidi ya Wahutu. Mama yake alikuwa Mprotestanti. Anayetaka kuyaelewa mambo ya Kigobe katika miaka ishirini iliyofuata anaweza kuanzia katika familia hiyo: makanisa mawili chini ya paa moja, na baba asiyerudi nyumbani.

Kigobe ni mtaa wa kaskazini mwa Bujumbura, jirani na Gihosha. Katika ukumbi wake mkubwa wa mikutano ndimo linamokaa baraza ambalo Warundi wanaliita Inama Nshingamateka, baraza linalosimika sheria kama mtu anavyosimika nguzo. Hata baada ya Gitega kufanywa mji mkuu wa kisiasa mwaka 2019, wabunge wameendelea kukutana Kigobe. Mwaka 2025 bunge lililozaliwa baada ya vita lilitimiza miaka ishirini, na kwa kuwa sherehe za namna hii huachiwa wanasiasa wajisifu wenyewe, si vibaya tukaitazama safari hiyo kupitia mlango mwingine, ule wa kanisani.

Bunge hili lilikuwa na mtangulizi wake. Uchaguzi wa vyama vingi wa tarehe 29 Juni 1993 ulileta wabunge 81: chama cha FRODEBU 65, cha UPRONA 16. Miezi minne haikutimia. Usiku wa kuamkia tarehe 21 Oktoba wanajeshi walimuua Rais Melchior Ndadaye, na pamoja naye spika, Pontien Karibwami, na naibu wake, Gilles Bimazubute. Katiba ilitaka spika ashike nafasi ya rais. Wauaji hawakumwacha hata huyo wa kuishika. Vita vilivyofuata viliendelea zaidi ya miaka kumi.

Katiba iliyopitishwa kwa kura ya maoni tarehe 28 Februari 2005 iligawa viti vya Kigobe kwa vipimo: Wahutu asilimia 60, Watutsi 40, wanawake wasipungue 30, na Watwa watatu. Dini haikugawiwa kitu, kwa sababu kifungu cha kwanza kilisema dola haina dini. Lakini sensa ya 2008 ilihesabu Wakatoliki asilimia 62 na Waprotestanti karibu 22, huku Waislamu na Wasabato wakiwa asilimia mbili na ushee kila kundi. Mbunge wa Burundi basi anaingia ukumbini na rozari mfukoni au Biblia kwenye mkoba, katiba ipende isipende.

Makanisa hayo hayakufika mwaka 2005 yakiwa na kumbukumbu moja. Kanisa Katoliki lilikuwa bado na kovu la Jean-Baptiste Bagaza, aliyetawala kuanzia 1976 hadi 1987. Bagaza alifukuza mamia ya wamisionari, akakataza misa siku za kazi wakati wa saa za kazi, akataifisha seminari, akapiga marufuku inama-sahwanya, zile jumuiya ndogondogo ambamo majirani walisali na kujadili mambo yao. Ni hizo inama-sahwanya zilizomuudhi zaidi, na kwa mtawala wa namna yake hofu hiyo ina mantiki: watu kumi wanaokaa kwenye mkeka kila wiki na kuulizana nani hana chakula, kesho watauliza kwa nini hana. Pierre Buyoya alipompindua tarehe 3 Septemba 1987, Bagaza akiwa mkutanoni Quebec, jambo la kwanza lililompatia umaarufu ni kulirudishia Kanisa uhuru wake. Maaskofu walijifunza hapo somo ambalo hawajalisahau: serikali inayokukumbatia leo iliwahi kukukaba jana, kwa hiyo simama hatua moja nje ya mlango.

Vita viliongeza mengine. Tarehe 30 Aprili 1997, alfajiri, waasi waliingia bweni la seminari ndogo ya Buta, mkoani Bururi, wakawaamuru wanafunzi wajitenge, Wahutu huku, Watutsi kule. Vijana wale hawakujitenga. Waliuawa 40, wengine wakiwa wameshikana. Nimesoma nyaraka nyingi za kichungaji kuhusu umoja, na sidhani kuna moja inayoufikia ukimya wa bweni lile.

Waprotestanti walikuja kwa njia yao. Wamisionari Wajerumani wa Neukirchen walifika mwaka 1911, wakaondoka na Vita vya Kwanza vya Dunia. Wabaptisti wa Denmark wakachukua kituo cha Musema mwaka 1928. Miaka ya 1930 ikaleta Waanglikana, Wamethodisti Huru, Wapentekoste wa Sweden, na Marafiki, wale wanaojulikana kama Quaker, waliojenga kituo cha Kibimba mwaka 1934. Hao wa mwisho ni wachache, na imani yao inakataa silaha. Oktoba 1993 wanafunzi Watutsi wa shule ya Kibimba walifungiwa ndani ya jengo wakachomwa moto. Kamati ya amani iliyoundwa Kibimba baadaye, ya Wahutu na Watutsi waliokaa benchi moja, ilikuwa ikifanya kazi ya maridhiano miaka mingi kabla Kigobe haijaitungia sheria.

Sasa turudi mwaka 2005. Nkurunziza alileta Ikulu jambo jipya: ulokole kama mtindo wa kutawala. Kulikuwa na mikutano ya maombi ya siku kadhaa, kwaya aliyosafiri nayo, timu yake ya mpira iliyoitwa Hallelujah, na kanisa la mke wake, Denise Bucumi. Wapentekoste ambao kwa miaka mingi walihubiri kwamba siasa ni ya dunia hii inayopita walijikuta ghafla wako karibu na kiti. Sisemi walinunuliwa. Wengi waliamini kwa dhati kwamba Mungu amejibu. Lakini mchungaji akishaamini kwamba rais ni jibu la maombi, ni vigumu kwake kumuuliza rais swali.

Katika mambo ya familia na mwili makanisa hayakutofautiana sana, na Kigobe iliona hilo mwaka 2009. Kanuni mpya ya adhabu ilikuwa na mazuri mengi: ilifuta adhabu ya kifo, ikaingiza makosa ya mateso na mauaji ya kimbari. Ilikuwa pia na kifungu cha 567 kinachoharamisha ngono kati ya watu wa jinsia moja. Tarehe 17 Februari maseneta 36 kati ya 43 walikikataa. Tarehe 6 Machi chama tawala, CNDD-FDD, kikatoa maelfu ya watu barabarani Bujumbura kuwapinga maseneta. Wabunge wakakirudisha kifungu, na rais akatia saini tarehe 22 Aprili. Mimbari za Kikatoliki, za Kianglikana na za Kipentekoste, ambazo hugombana hata juu ya ubatizo, katika hili hazikugombana.

Kwenye uzazi wa mpango ziliachana. Vituo vya afya vya Kanisa Katoliki, ambavyo ni vingi vijijini, havitoi vidonge wala sindano. Vinafundisha njia ya asili tu. Serikali, yenye nchi ndogo iliyojaa watu, ikatafuta njia ya Kirundi kabisa: haikugombana na askofu, ilijenga kituo kidogo jirani na kile cha parokia. Mama anatoka kliniki ya masista, anavuka njia, anapata sindano. Makanisa mengi ya Kiprotestanti hayana shida na jambo hilo. Mwaka 2017 ikaja amri ya rais kwamba wanaoishi pamoja bila ndoa wahalalishe kabla mwaka haujaisha. Kila kanisa liliunga mkono ndoa, bila shaka. Lakini vijana wengi hawakukosa imani. Walikosa inkwano, yaani mahari, na pesa za kulisha wageni.

Sheria ambayo ingestahili kusomwa zaidi kuliko zote ni ile ya tarehe 31 Desemba 2014 kuhusu madhehebu ya dini, na haisomeki bila Zebiya. Eusebia Ngendakumana, maarufu Zebiya, alisema anatokewa na Bikira Maria huko Businiya, mkoani Kayanza. Tarehe 12 ya kila mwezi watu walipanda kilima kusali. Maaskofu walimkataa, serikali ikafunga mahali hapo, watu wakaendelea kupanda. Tarehe 12 Machi 2013 polisi waliwafyatulia risasi, na waumini kadhaa wakafa pale kilimani.

Mwaka uliofuata bunge likapitisha sheria inayodai dhehebu jipya la wenyeji liwe na washirika wasiopungua 300, na kumkataza mtu kuwa mshirika wa madhehebu mawili kwa wakati mmoja. Makanisa makubwa hayakulalamika, kwa kuwa kipimo hicho hakikuyagusa. Hapo naona doa lao. Kila mtaa wa Bujumbura una chumba chenye spika na mchungaji wa kujitangaza, na kelele za usiku ni kero kweli. Hata hivyo, sheria inayohesabu waumini kabla ya kuwaruhusu kusali ingewafungia hata wale wamisionari wa kwanza wa Muyaga, mwaka 1898, walioanza bila muumini hata mmoja.

Wafuasi wa Zebiya walitimka. Zaidi ya 2,000 walifika Kamanyola, mashariki mwa Congo, ambako walikataa kuchukuliwa alama za vidole kwa sababu za imani yao. Tarehe 15 Septemba 2017 wanajeshi wa Congo waliwapiga risasi wakaua zaidi ya 30. Waliobaki wakavuka kwenda Rwanda Machi 2018, wakakataa tena kuandikishwa, na mwezi uliofuata wengi wakarudi Burundi. Nchi tatu, na swali lile lile mezani kwa afisa: andika jina, weka kidole.

Lakini mwaka huo huo wa 2014 Kigobe ilifanya jambo ambalo linastahili sifa. Sheria ya tarehe 15 Mei iliunda Tume ya Ukweli na Maridhiano, na mwezi Desemba wabunge wakawachagua makamishna 11. Mwenyekiti akawa padri Mkatoliki, Jean-Louis Nahimana. Makamu wake Bernard Ntahoturi, askofu mkuu wa Waanglikana. Wapinzani walikuwa wameisusia sheria yenyewe, na hawakukosa sababu. Hata hivyo bunge lilipohitaji watu ambao Mhutu na Mtutsi wangeweza kuwaambia alipozikwa ndugu yao, lilikwenda kuwatafuta kanisani. Mwaka 2018 uongozi wa tume ulibadilishwa na kupewa Pierre Claver Ndayicariye, aliyewahi kuongoza tume ya uchaguzi. Tarehe 20 Desemba 2021 aliwaambia wabunge na maseneta kwamba mauaji ya 1972 yalikuwa ya kimbari dhidi ya Wahutu. Makaburi yalikuwa yamefukuliwa. Juu ya jina la kilichomo, Warundi wanabishana hadi leo.

Aprili 2015 CNDD-FDD ilimteua Nkurunziza kugombea muhula wa tatu. Askofu mkuu wa Bujumbura, Evariste Ngoyagoye, alikuwa ameshasema mwezi Machi kwamba mkataba wa amani wa Arusha wa 2000 unaruhusu mihula miwili. Mwishoni mwa Mei Baraza la Maaskofu Katoliki likawaondoa mapadri wake kwenye tume za uchaguzi, ambako wengi waliaminiwa kama waamuzi. Yalikuwa maandamano ya kimyakimya kuliko yale ya barabarani katika mitaa ya Musaga na Nyakabiga, Bujumbura, lakini yalipunguza uzito wa kila sanduku la kura. Siku chache kabla ya uchaguzi wa wabunge wa tarehe 29 Juni, spika Pie Ntavyohanyuma naye alikimbilia Ubelgiji. Kumbuka yule wa 1993: safari hii spika aliondoka akiwa hai, na hayo yalikuwa maendeleo.

Tarehe 22 Septemba 2019 waraka wa maaskofu ulisomwa kwenye parokia nchini kote, ukilaani mauaji na vitisho vya kisiasa, na wakubwa wa serikali wakaujibu kwa hasira. Mei 2020, katika uchaguzi ambao waangalizi wa nje hawakuufikia, maaskofu wakatuma waangalizi 2,716 katika komine zote 119. Siku sita baada ya uchaguzi Joachim Ntahondereye, askofu wa Muyinga na rais wa baraza lao, akatoa taarifa: wawakilishi wa wapinzani walifukuzwa vituoni, watu waliopiga kura kwa majina ya marehemu na wakimbizi, waangalizi waliozuiwa kuona hesabu zikijumlishwa. Matokeo hayakubadilika. Aliyetangazwa mshindi wa urais, Evariste Ndayishimiye, ni Mkatoliki.

Tarehe 5 Juni 2025 Warundi walichagua wabunge tena. CNDD-FDD ilichukua viti vyote 100 vilivyogombaniwa, na Kigobe haina tena mpinzani aliyechaguliwa na wananchi. Kwa hiyo ombi la mwandishi kwa watunza maktaba wa bunge ni dogo: nakala ya waraka wa 2019 na ya taarifa ya 2020 ziwekwe kwenye rafu moja na kumbukumbu za vikao, pamoja na sheria ya 2014 iliyohesabu waumini, ili mbunge wa kesho akizitafuta azikute mahali pamoja.