Hariri ya Pate na fundi wa Memorial

Jumamosi iliyopita nilipeleka suruali kupunguzwa kwa fundi mmoja pale soko la Memorial, hapa Moshi mjini. Nilimkuta na wembe mkononi, anafumua koti zito la mtumba. "Likiwa hivi halinunuliki, kaka," akaniambia. "Nikilifumua natoa majaketi mawili ya watoto, yanakwenda Marangu na Kibosho kwenye baridi."

Wapo wanaoicheka kazi hiyo, lakini ni ya kale kuliko mji wetu. Mnamo mwaka 1516 hivi, Mreno Duarte Barbosa aliandika kwamba Waislamu wa Sofala, katika Msumbiji ya leo, walifuma nguo nyeupe za pamba. Kutia rangi hawakujua. Basi walinunua nguo za buluu za Cambay, Uhindi, wakazifumua uzi kwa uzi, kisha wakaufuma uzi ule pamoja na wao mweupe. Ikatoka nguo nyingine kabisa, na soko ikapata.

Watu wa Pate, kisiwa kilicho karibu na Lamu, walivuka hapo. Wao walifuma hariri, na uzi wake ulitoka ng'ambo. Mtawa wa Kireno João dos Santos, katika kitabu chake cha mwaka 1609, aliwataja mafundi wa hariri wa Pate kwa sifa. Wareno wenyewe walizitafuta nguo hizo ili wafanyie biashara, maana wenye pembe na dhahabu walikuwa wateja wa kuchagua: ukiwapelekea wasichokitaka, unarudi na mzigo wako. Nguo ya Pate iliulizwa kwa jina.

Sisi wa mlimani wazee wetu walivaa ngozi. Karne ya 19 misafara ya pwani ikaleta merikani, kitambaa cha viwanda vya Marekani, na wamangi wakakipokea kwa pembe za ndovu. Merikani nayo iliulizwa kwa jina! Wafumaji wetu wengi, pwani na bara, waliachwa nyuma na vitambaa vya viwandani.

Mwaka 2016 wakuu wa Afrika Mashariki walikubaliana mitumba ikome ifikapo 2019. Marekani ikatishia kutunyima soko la nguo lisilo na ushuru. Tanzania ikarudi nyuma. Rwanda ikakaza, na mwaka 2018 ikaondolewa katika nafuu hiyo. Katika mabishano yote yale sikumsikia mtu akimtaja fundi mwenye wembe, ingawa ndiye anayelipa koti kuukuu thamani mpya hapa hapa nchini. Kwangu mimi anachokosa ni kile walichokuwa nacho watu wa Pate, yaani jina.

Nikamwuliza kwa nini hashoni jina lake kwenye yale majaketi. Akacheka, akafungua kopo la maziwa ya unga. Lilikuwa limejaa lebo za Ulaya.

"Wateja wanataka hizi, kaka. Nikifumua naziweka. Nikimaliza, nazishona tena."